Mlango Ulioachwa Wazi: Vijana Wadukuzi wa Marekani na Sheria Iliyowafuata

Udukuzi, yaani kuingia katika mfumo wa mawasiliano au wa kompyuta pasipo idhini ya mwenyewe, ulianza Marekani kama shughuli ya vijana, tena wengi wao wa umri wa shule. Historia yake tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi mwaka 1986 inaonyesha jinsi jambo lililozaliwa katika udadisi wa watoto lilivyogeuka kuwa maudhui ya filamu na riwaya za kusisimua, kisha likawa suala la usalama wa taifa, na mwishowe likatungiwa sheria. Kamusi za zamani za Kiswahili zinalo neno dukizi, lenye maana ya mtu anayetega sikio kusikiliza mazungumzo yasiyomhusu, na neno mdukuzi linalotumika leo linakaribiana nalo kwa sauti na kwa maana. Ukaribu huo unafaa hapa, kwa sababu wadukuzi wa mwanzo hawakuwa na kompyuta. Walikuwa na simu ya mezani na masikio makali.

Vijana hao wameelezwa mara nyingi kwa namna mbili zinazopingana, ama kama vipaji vya ajabu, ama kama genge la wahalifu wadogo, na kumbukumbu zilizobaki haziungi mkono picha yoyote kati ya hizo. Kinachojitokeza katika kesi moja baada ya nyingine ni mlango ulioachwa wazi na wahandisi au wamiliki waliokuwa wamekwisha kuonywa, kijana aliyeupita kwa subira zaidi kuliko kwa ujuzi, na dola iliyomwadhibu aliyeingia huku ikimwacha mjenzi wa mlango usio na kufuli aendelee kuuza milango ya aina ileile.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa sauti. Katika miaka ya 1950 kampuni ya AT&T, ambayo pamoja na kampuni zake tanzu ilijulikana kwa jina la Bell System na kuendesha sehemu kubwa ya simu za Marekani, ilikuwa ikipunguza kazi ya wanawake waliounganisha simu za masafa marefu kwa mikono na kuweka mahali pao mitambo iliyowasiliana yenyewe kwa yenyewe. Mitambo hiyo ilipeana maagizo kwa milio. Njia ya masafa marefu ilipokuwa haitumiki, ilijazwa mlio mmoja usiokatika wenye mitetemo 2,600 kwa sekunde, na mlio huo ulipokoma mtambo wa upande wa pili ulielewa kwamba njia imechukuliwa na kwamba namba inakuja; baada ya hapo tarakimu zilipitishwa kwa jozi za milio iliyochaguliwa kutoka katika viwango 6, kuanzia mitetemo 700 hadi 1,700 kwa sekunde. Kosa la msingi lilikuwa kwamba maagizo hayo yalisafiri katika njia ileile iliyobeba sauti za watu wanaozungumza, na mtambo haukuwa na namna ya kujua kama mlio umetoka kwa mtambo mwenzake au umetoka kinywani mwa binadamu.

Mtu aliyepiga namba ya bure, yaani namba ambayo gharama yake hulipwa na anayepigiwa, aliweza kupeleka mlio huo wa 2,600 kupitia simu yake mwenyewe. Mtambo wa mbali ulidhani amekata, ukaiachia njia, na mlio ulipokoma ukakaa tayari kupokea namba mpya, ilhali mtambo wa karibu naye, ambao ndio ulioweka hesabu ya malipo, uliendelea kuamini kwamba mazungumzo ni yaleyale ya bure. Wala siri hiyo haikuibwa kabatini kwa mtu. Wahandisi wa Bell waliichapisha wenyewe katika jarida lao la kiufundi, Bell System Technical Journal, kwanza Novemba 1954 walipoeleza utaratibu wa kutumia mlio mmoja, na tena Novemba 1960 walipoeleza milio ya tarakimu, na jarida hilo liliwekwa katika maktaba za vyuo ambako mwanafunzi yeyote aliweza kulifungua na kunakili.

Waliougundua mlango huo bila kusoma jarida lolote walikuwa watoto, na baadhi yao walikuwa vipofu. Joe Engressia, aliyezaliwa mwaka 1949 akiwa haoni, alijaliwa sikio linalotambua kila noti kwa usahihi, na alipokuwa na umri wa miaka 7 hivi aligundua kwamba akipiga mluzi wa noti fulani mazungumzo ya masafa marefu hukatika. Ni rahisi kuliona jambo hilo kama mchezo wa kukwepa gharama, lakini kwa mtoto kipofu mtandao wa simu ulikuwa ulimwengu mzima uliojengwa kwa sauti, wenye barabara, miji na mipaka inayosikika, na ambamo hakuwa na upungufu wowote mbele ya wenye macho. Mwaka 1968, akiwa mwanafunzi wa University of South Florida, Engressia aliadhibiwa na chuo kwa kuwapigia wenzake simu za masafa marefu kwa mluzi, na habari zake zilipotangazwa, vijana wa sehemu nyingine waliokuwa wakifanya jambo hilohilo kwa upweke walimtafuta, na jamii iliyokuwa imetawanyika ikaanza kujuana.

Oktoba 1971 mwandishi Ron Rosenbaum alichapisha katika jarida la Esquire makala ndefu kuhusu jamii hiyo na kuhusu kisanduku cha buluu, yaani kifaa kidogo cha kielektroniki kilichotoa milio yote ya mtambo kwa kubonyeza vitufe. Makala hiyo ndiyo iliyomtangaza John Draper, aliyejipachika jina la nafaka ya kifungua kinywa ambayo boksi lake lilikuwa na filimbi ya plastiki ya kuchezea watoto, filimbi ambayo kwa bahati iliweza kutoa mlio wa 2,600. Mwaka uliofuata Draper alikamatwa. Miongoni mwa walioisoma makala hiyo alikuwamo Steve Wozniak, mwenye umri wa miaka 21, aliyempigia simu rafiki yake Steve Jobs, ambaye alikuwa na miaka 16 na bado yuko sekondari, na wawili hao wakaenda katika maktaba ya kituo cha utafiti wa fizikia cha Stanford kuhakikisha orodha ya milio. Visanduku walivyovitengeneza waliviuza katika mabweni ya chuo kikuu cha Berkeley, na Jobs alisema baadaye kwamba bila visanduku hivyo kampuni ya Apple isingekuwapo.

Upande wa kampuni nao una mengi ya kuulizwa. Badala ya kuziba tundu kwa haraka, jambo lililohitaji kubadilisha mitambo ya nchi nzima, AT&T iliendesha kuanzia mwaka 1964 hadi 1970 mradi wa siri ulioitwa Greenstar, uliochunguza zaidi ya simu milioni 30 za watu wasiojua lolote ili kutafuta mlio wa wadanganyifu, na kurekodi sehemu ya mazungumzo yao. Ikiwa neno dukizi litatumiwa kwa maana yake ya zamani, basi katika miaka ile dukizi mkubwa kuliko wote alikuwa kampuni yenyewe. Dawa halisi ilikuwa ni kuyatoa maagizo ya mitambo katika njia ya sauti na kuyapitisha katika njia yake ya pekee, na kazi hiyo ilianza mwaka 1976, miaka 16 baada ya orodha ya milio kuchapishwa.

Kompyuta nazo zilikuwa na mwonyaji wao. Mwaka 1967 Willis Ware, mhandisi wa taasisi ya utafiti ya RAND huko California, aliwasilisha andiko lililoeleza kwamba pindi kompyuta moja itakapotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja kupitia nyaya za mawasiliano, siri zilizomo hazitakuwa salama tena, kwa kuwa kila waya unaoingia ni njia ya kuingilia. Wakati huo wizara ya ulinzi ya Marekani ilikuwa ikiandaa mtandao wake wa kwanza wa kuunganisha kompyuta, ARPANET, ambao ulianza kufanya kazi mwaka 1969. Onyo la Ware lilisomwa na wahusika, likaundiwa kamati, likaandikiwa ripoti mwaka 1970, na mtandao ukajengwa hata hivyo, kwa sababu kuunganisha kulikuwa na faida inayoonekana leo na ulinzi ulikuwa gharama ya kesho.

Kilichobadilika baada ya hapo ni bei. Mwaka 1977 kompyuta za nyumbani kama Apple II na TRS-80 zilianza kuuzwa madukani, na miaka michache baadaye modemu, yaani kifaa kinachogeuza ishara za kompyuta kuwa milio inayopita katika simu na kuigeuza milio hiyo kuwa ishara tena, kilikuwa ndani ya uwezo wa familia ya kipato cha kati. Sambamba na hayo ilikuwapo Telenet, mtandao wa kibiashara uliofunguliwa mwaka 1975, ambao uliwawezesha wateja kupiga namba ya simu ya mjini kwao na kupitia hapo kuzifikia kompyuta za benki, hospitali na maabara zilizo mbali. Kijana wa miaka 16 alikuwa sasa na chombo chumbani mwake, na milango ya taasisi kubwa ilikuwa umbali wa namba moja ya simu ya bei ya mtaani.

Filamu ilitangulia habari, ingawa kwa wiki chache tu. WarGames, iliyoongozwa na John Badham na kuandikwa na Lawrence Lasker na Walter Parkes, ilitolewa Juni 3, 1983, ikimsimulia mwanafunzi wa sekondari wa Seattle ambaye, akitafuta michezo mipya ya kompyuta kabla haijatolewa sokoni, anaiamuru kompyuta yake ipige namba moja baada ya nyingine mpaka inapokutana na mtambo wa jeshi unaoendesha mipango ya vita vya nyuklia. Waandishi hao walikuwa wamemwendea Willis Ware mwenyewe kumuuliza kama hadithi yao inawezekana, naye aliwathibitishia kwamba inawezekana. Hata katika filamu hiyo kijana hahitaji kipaji cha pekee kuingia katika kompyuta ya shule yake, maana nywila, yaani neno la siri la kumtambulisha mtumiaji, limeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa katika meza ya ofisi.

Rais Ronald Reagan aliitazama filamu hiyo Camp David katika mwisho wa wiki uleule ilipotoka, na siku chache baadaye, katika kikao cha Ikulu, aliwasimulia waliokuwapo kisa chake na kumuuliza Jenerali John Vessey, mwenyekiti wa wakuu wa majeshi, kama jambo la namna hiyo linaweza kutokea kweli. Vessey alirudi baada ya wiki moja na jibu kwamba hali ni mbaya kuliko alivyodhani Rais. Swali hilo lilizaa waraka wa rais wa Septemba 17, 1984 kuhusu usalama wa kompyuta, waraka uliolipa shirika la kijasusi la NSA mamlaka juu ya kompyuta nyingi za kiraia kiasi cha kulifanya Bunge, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1987, kuyarudisha mamlaka hayo mikononi mwa taasisi ya kiraia. Ni mara chache hadithi ya kubuniwa kuhusu mtoto wa shule imefika mbali hivyo katika karatasi za serikali.

Wakati filamu ikiwa bado kwenye majumba ya sinema, kundi halisi lilifichuliwa mjini Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin. Vijana hao, wa umri wa miaka 16 hadi 22, walijuana katika tawi la skauti lililofundisha kompyuta, na walijiita 414 kutokana na namba ya eneo ya simu za mji wao. Kupitia Telenet waliingia katika kompyuta zipatazo 60, zikiwamo za benki ya Security Pacific ya Los Angeles, za hospitali ya saratani ya Memorial Sloan-Kettering ya New York, na moja ya maabara ya Los Alamos, mahali palipotengenezwa bomu la kwanza la atomiki, ingawa kompyuta waliyoifikia huko haikuwa na siri za kijeshi. Njia yao haikuwa na muujiza. Kompyuta nyingi kati ya hizo zilitoka kiwandani zikiwa na majina ya watumiaji na nywila zilizowekwa tayari na mtengenezaji ili kumsaidia fundi katika siku ya kwanza, kama vile jina SYSTEM na nywila MANAGER, na zilikuwa zimechapishwa katika vitabu vya maelekezo. Wamiliki walitakiwa kuzibadilisha, na wengi hawakuzibadilisha.

Haifai kuupunguza uzito wa walichokifanya. Kompyuta ya Sloan-Kettering ilitumika kukokotoa vipimo vya mionzi kwa wagonjwa wa saratani, na vijana hao, katika kujaribu kufuta nyayo zao, walifuta sehemu ya kumbukumbu za matumizi. Hasara iliyokadiriwa ilikuwa dola 1,500 hivi, na hakuna mgonjwa aliyedhurika, lakini walioingia hawakuwa na namna ya kujua ni faili gani linabeba ankara na lipi linabeba maisha ya mtu. Hapo ndipo hatari ya ujana katika jambo hili ilipokuwa kwa hakika. Mikono yao ilifika mahali ambapo macho yao hayakufika, na skrini ya hospitali haikuwa tofauti kwao na skrini ya mchezo. Neal Patrick, mmoja wao aliyekuwa na umri wa miaka 17 na ambaye jarida la Newsweek lilimweka kwenye jalada lake Septemba 1983, alipoulizwa bungeni ni lini hasa alitambua kuwa analofanya si la haki, alijibu kwamba ni pale maofisa wa FBI walipobisha hodi. Jibu hilo limechukuliwa na wengi kuwa ufidhuli. Linasomeka vizuri zaidi kama ukweli wa mtoto ambaye hakuna mtu mzima aliyewahi kumwambia kwamba upande wa pili wa waya kuna watu.

Kikao hicho cha kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi, kilichoongozwa na mbunge Dan Glickman wa Kansas na ambacho wajumbe wake walionyeshwa kipande cha WarGames, kilifanyika Septemba 26, 1983, na tarehe hiyo inastahili kutazamwa kwa makini. Usiku wa manane wa kuamkia siku hiyo kwa saa za Moscow, katika kituo cha siri cha Serpukhov-15, kompyuta za mfumo wa setilaiti wa Kisovieti ziliashiria kwamba Marekani imerusha kombora la nyuklia, kisha mengine, hadi yakatimia 5. Ofisa wa zamu, Luteni Kanali Stanislav Petrov, alikataa kuuamini mtambo, akatoa taarifa kwamba ni kosa, na ikabainika baadaye kwamba setilaiti zilikuwa zimedanganywa na mwanga wa jua uliorudishwa na mawingu. Haikupita siku nzima kati ya saa ile na kikao cha Washington, ambako wabunge walimhoji kijana wa Milwaukee kuhusu uwezekano wa mtoto kuanzisha vita kwa kompyuta. Tukio la Petrov lilibaki siri hadi miaka ya 1990, hivyo hakuna aliyekuwa ukumbini mle aliyeweza kujua kwamba mtambo ulikuwa nusura uianzishe vita hiyo peke yake, bila mdukuzi yeyote.

Wamarekani wenyewe walikuwa wamepata onyo la namna hiyo. Novemba 9, 1979 kituo cha ulinzi wa anga cha NORAD kilionyesha shambulio kubwa la Kisovieti kwa sababu data za mazoezi ziliingia katika mfumo halisi, na Juni 3, 1980, miaka 3 kamili kabla ya WarGames kutolewa, tahadhari nyingine ya uongo ilisababishwa na kijenzi kimoja kibovu, yaani kipande cha saketi ya kielektroniki, chenye thamani ya senti 46. Kwa mizani yoyote ya haki, kipande kile cha senti 46 kilikuwa tishio kubwa kuliko skauti wote wa Wisconsin. Lakini kipande cha saketi hakiwezi kuitwa bungeni, hakina uso wa kuwekwa kwenye jalada la jarida, na hakitengenezi filamu nzuri.

Ilipofika zamu ya mahakama, waendesha mashtaka walikuta kwamba hakuna sheria ya shirikisho inayokataza kuingia katika kompyuta ya mtu, na vijana wawili wa kundi la 414 walikiri kosa dogo la kupiga simu za usumbufu, shtaka lililotungwa kwa ajili ya watu wanaowatukana wengine kwa simu. Pengo hilo lilizibwa kwa hatua mbili: kifungu ndani ya sheria kuu ya kudhibiti uhalifu ya Oktoba 1984, ambayo ripoti yake ya kamati ya Bunge iliitaja WarGames kama taswira ya kweli ya uwezo wa kompyuta binafsi, na kisha Sheria ya Ulaghai na Matumizi Mabaya ya Kompyuta iliyotiwa saini Oktoba 16, 1986. Sheria hiyo ilijengwa juu ya wazo moja, kwamba kosa ni kuingia pasipo idhini au kuvuka idhini uliyopewa, wala haikumwekea mtengenezaji wala mmiliki wa kompyuta wajibu wowote wa kufunga mlango. Mtu wa kwanza kutiwa hatiani na baraza la wazee wa mahakama chini yake alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Cornell, Robert Tappan Morris, ambaye Novemba 1988 aliachia mnyoo, yaani programu inayojinakili yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine, ulioelemea maelfu ya kompyuta za intaneti changa. Baba yake alikuwa mwanasayansi mkuu wa kituo cha usalama wa kompyuta cha NSA.

Uingereza ilipita njia hiyohiyo kwa kuchelewa kidogo. Katikati ya miaka ya 1980 Robert Schifreen na Stephen Gold waliingia katika Prestel, huduma ya habari ya kampuni ya simu ya nchi hiyo, na kufika hadi kwenye sanduku la barua la mume wa Malkia, baada ya Schifreen kujaribu namba ya utambulisho iliyoundwa kwa kurudia tarakimu ya 2 peke yake na nywila ya 1234, ambayo kwa mshangao wake ilikubali. Walihukumiwa kwa sheria ya kughushi, hukumu ikabatilishwa na mahakama ya rufaa, na Baraza la Mabwana likathibitisha ubatilishaji huo mwaka 1988, ndipo Bunge likatunga Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 1990. Jina la sheria hiyo limesafiri hadi Afrika Mashariki: Uganda ilitunga sheria ya jina hilohilo mwaka 2011, na Kenya ililiunganisha na makosa ya mtandao katika sheria yake ya mwaka 2018, ilhali Tanzania iliitangulia Kenya kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Msomaji wa sheria hizo atakutana na lilelile kosa la kuingia pasipo idhini, lililopewa umbo na filimbi, skauti na nywila ya 1234 katika nchi nyingine na zama nyingine.

Riwaya za kusisimua kwa vijana, zilizoota katika ardhi iliyolimwa na WarGames, ziliendeleza swali ambalo sheria ililiacha. Little Brother ya Cory Doctorow, iliyochapishwa mwaka 2008, inamweka kijana wa miaka 17 wa San Francisco mbele ya dola inayotumia teknolojia kuwafuatilia raia wake, na humo udukuzi unakuwa njia ya kujilinda. Mwelekeo huo una mizizi yake katika historia iliyosimuliwa hapa, maana kampuni iliyowatafuta wapiga miluzi ndiyo iliyosikiliza mamilioni ya simu za wateja wake. Pale hadithi nyingi za aina hii zinapopotosha ni katika kumfanya kijana kuwa gwiji. Gwiji anayevunja ngome hawatii aibu wajenzi wa ngome, kwa sababu hakuna aliyetarajiwa kumzuia. Kijana wa kawaida anayesukuma mlango na kuukuta wazi ndiye anayewatia aibu, na ndiye ambaye kumbukumbu zinamwonyesha.

Kwamba mlango ulibaki wazi kulithibitika tena mwaka 2016. Vijana watatu wa Marekani waliokuwa wakigombania biashara ya seva za mchezo wa Minecraft, yaani kompyuta zinazowahudumia wachezaji mtandaoni, waliunda programu iliyoitwa Mirai, ambayo ilizisaka kamera za ulinzi na vifaa vingine vya nyumbani vilivyounganishwa na intaneti, ikazijaribu jozi zipatazo 60 za majina na nywila za kiwandani, na kuteka mamia ya maelfu ya vifaa ili vyote vishambulie shabaha moja kwa wakati mmoja. Baada ya msimbo wa programu hiyo kuachiwa hadharani, wengine waliitumia Oktoba 21, 2016 kuiangusha kampuni ya Dyn, iliyozisaidia kompyuta kupata anwani za tovuti, na kwa saa kadhaa watu wengi wa Marekani hawakuweza kufungua tovuti kubwa walizozizoea. Mwezi uliofuata mtambo wa aina hiyo ulielemea mawasiliano ya kampuni ya simu ya Lonestar nchini Liberia, shambulio ambalo Mwingereza aliyelitekeleza kwa malipo alifungwa kwalo mwaka 2019. Waundaji wa Mirai walikiri makosa na kupewa kifungo cha nje na saa 2,500 za kazi za jamii. Kamera zilizotekwa zilikuwa na kasoro ileile ya kompyuta za mwaka 1983: mtengenezaji aliziuza zikiwa na nywila moja kwa wateja wote, na mteja hakuibadilisha.

Jimbo la California lilikuwa la kwanza nchini Marekani kumgeukia mtengenezaji, kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 2020 na kumtaka aweke ulinzi wa kuridhisha katika kila kifaa kinachounganishwa na intaneti. Nchini Uingereza, kuanzia Aprili 29, 2024, ni kosa kuuza kifaa cha nyumbani cha namna hiyo chenye nywila moja ya kiwandani kwa wateja wote. Ilikuwa imetimia miaka 41 tangu vijana wa Milwaukee walipoandika MANAGER na kuukuta mlango uko wazi.